Shangazi, lojing'i ya marehemu baba inalishwa na wanawake wa barabarani na mimi ndio naandika hesabu

Shikamoo Shangazi,

Pole kwa barua ndefu, nimeandika nikifuta, kila nikifupisha naona nimeacha kitu. Tafadhali usitaje jina langu wala la jengo, hapa mjini watu wanajuana.

Nina miaka 34, nimeolewa na tuko na mtoto mmoja, kazi yangu ni uhasibu. Baba yangu alifariki mwaka jana. Sisi watoto watatu tulikua tunajua ako na lojing'i River Road na tuliishia hapo, lojing'i basi, watu wa mashambani waliochelewa gari wanalala, wafanyabiashara wanaokuja kununua spea Kirinyaga Road wanalala, asubuhi wanaenda. Ndio ilitusomesha. Mimi nilikua napita mchana kuchukua fees kwa kaunta narudi zangu campus, usiku sijawahi kuona hapo.

Baada ya mazishi ndugu zangu wakasema wewe ndio wa hesabu, shika vitabu. Nikapata rejista ya kulala, hiyo iko na majina na namba za vitambulisho vizuri kabisa. Alafu nikapata daftari ingine ya shule tu, ile ya kurasa 200, haina jina la mtu, ni namba ya rumu na vistari. Nikauliza jamaa wa kaunta vistari ni nini, akaniangalia kama mtu anashangaa unauliza nini, akasema madam hizo ni za short time, kila kistari ni 400.

Wacha nikupatie hesabu vile iko juu hiyo ndio inaninyima usingizi. Tumekodi ghorofa mbili. Ya juu ni rumu 10 za kulala, 1,000 usiku, na kwa kawaida zinajaa kama sita. Ya chini ni rumu 12 na hizo ndizo za vistari, kila moja inaingiwa kama mara nne usiku mmoja, hiyo ni 19,200 kwa usiku. Ukihesabu usiku 26 wa mwezi unapata karibu 499,000, na ghorofa ya kulala, kwa usiku 30, inaleta 180,000 pekee. Kwa hizo toa kodi ya jengo 210,000, mishahara ya watu watano 95,000, stima na maji na dobi 70,000, na kuna 40,000 ambayo baba alikua anaandika "usalama". Nilipouliza nikaambiwa kuna askari wanapitia kila wiki na hio haina risiti. Tunabaki na kama 265,000. Hizo ndizo zinamlisha mama, zinalipia dawa zake za presha na fees za watoto wa kakangu mkubwa, na mimi nilikua napata kidogo ya mtoto wangu.

Niliamua kuenda nikae kaunta Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi nijionee. Shangazi mimi nilikua nategemea sijui nini, wasichana wamelewa wakipiga kelele. Nikapata ni watu wanafanya kazi tu. Kuna mama mmoja wa rika langu, ako na watoto wawili, nusu ya usiku tuliongea stori za shule. Yeye ndiye alinifungulia macho. Aliniambia mteja anakuja na bei moja kichwani, elfu moja pamoja na rumu, hajali rumu ni ngapi. Kwa hiyo elfu mimi nachukua 400. Soja wa mlango anataka 100 kila usiku, boda ya kurudi ni 150, na kuna dada anamlipa 200 amwangalilie watoto usiku. Akipata mteja mmoja tu anaenda nyumbani na 150. Akipata wawili 750. Na hapo hajakula, na siku hizi kondomu mara anapewa mara ananunua. Alafu akaniomba, kwa heshima sana, kama naeza muwekea bei ya usiku mzima, 800, aingie mara zozote apendazo. Sikumjibu.

Kuna wengine wa umri tofauti, mmoja ni mkubwa kuliko mamangu karibu, mwingine mpya anavaa kofia anaonekana mdogo sana lakini soja alisema ako sawa kitambulisho aliacha nyumbani. Wengi wanajuana na wanachangishana kila usiku, mmoja anashika.

Sasa shida. Kakangu mkubwa anataka tupandishe rumu iwe 500 juu anasema wale hawana pa kuenda, na hio mia moja juu ya vistari vyote ni kama 125,000 kwa mwezi bure. Mdogo anasema niache kujifanya mtakatifu, digrii yangu ililipwa na vistari. Hio iliniuma juu ni ukweli. Bwanangu hataki hata shilingi ya huko iingie kwa nyumba yetu. Na mimi niko kwa kamati ya fedha kanisani, na nimekua nikitoa zaka hata kwa hizo pesa, sijui kama nimemkosea Mungu au vipi.

Mimi nataka tufunge tufanye hosteli ya wanafunzi. Nimepiga hesabu, ikijaa inaleta kama 300,000. Lakini kila nikifikiria kufunga namuona yule mama na 150 zake. Na nikifikiria kuendelea najiona mimi ndio naishi kwa mwili wa mwanamke mwingine. Kujitoa niwaachie ndugu zangu pia nimefikiria. Mkataba na mwenye jengo unaisha Oktoba na anataka tusaini miaka sita mingine, anasukuma. Kortini kwa mambo ya urithi hatujaenda bado. Mama hajui chochote. Au anajua, sijui, hatujawahi kuongea.

Nifanye nini Shangazi?

Binti wa Hesabu, Nairobi

---

Marahaba mwanangu, na pole kwa kumpoteza baba. Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja, na kitu kimoja kilinigusa ni kwamba mahali pengi umeandika pesa hadi shilingi ya mwisho lakini msiba umeupa sentensi moja. Unaomboleza mzazi na papo hapo unakutana na mzazi mwingine ambaye hukumjua, ndani ya daftari ya kurasa 200. Hayo ni mambo mawili na yote yamekuangukia wewe kwa sababu tu ulisomea uhasibu.

Kama nimekuelewa, unaniuliza kama ufunge, uendelee, upandishe, au ujitoe. Nitakuja hapo. Lakini katikati ya barua umepita mahali mbio sana na mimi siwezi kupita nawe.

Yule msichana wa kofia. Umesema anaonekana mdogo sana, alafu ukaamini neno la soja ambaye anapata 100 kwa kila mwanamke anayeingia. Mwanangu, mambo mengine yote humu nitakuachia uamue mwenyewe lakini hili halina pande mbili. Mtoto chini ya miaka 18 hauzi chochote, anadhulumiwa, na Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya 2006 inamgusa hata mtu anayeruhusu jengo lake litumike huku akijua, kifungo hakipungui miaka 10. Usiku wa leo, sio Oktoba, mpe mtu wa kaunta amri kwamba asiye na kitambulisho haingii, awe nani awe nani, na huyo msichana asifukuzwe tu arudi gizani. Piga 116, ni namba ya bure ya watoto, inapokea mchana na usiku, waelezee. Na huyo mama mliyeongea naye muulize pia, hawa wanawake huwa wanajua nani ni mtoto kabla ya askari kujua.

Sasa turudi kwa swali lako.

Unaongea kama kwamba ukifunga mlango biashara imeisha na mikono yako imetakata. Sina uhakika na hilo. Biashara ya huo mtaa haikuanzishwa na babako. Mtaa wa Pumwani hapo Nairobi ulipoanzishwa miaka ya 1920, kati ya watu waliokua na nyumba za kupangisha walikuepo wanawake wengi waliopata mtaji kwa kazi hii hii, walikua wanaweka, wanajenga, wanazeeka wakiwa na wapangaji. Ndio maana mimi daftari lako lilinikamata. Wakati huo mwanamke angeweza kufika mahali akawa yeye ndiye mwenye mlango. Leo anaulipia mlango kila akiingia, na watu wote wanaomzunguka wanalipwa kabla yake. Angalia hesabu yako mwenyewe, mwenye jengo anapata 210,000 kunyeshe kusinyeshe, na hawa wa "usalama" wanapata zao hata wiki mbaya. Yule mama ndiye wa mwisho kwenye foleni na ndiye pekee ambaye mapato yake hayajulikani jioni ikianza. Desemba 2017 wawakilishi wadi wa Nairobi walipitisha hoja ya kupiga marufuku hiyo biashara jijini. Wewe ulikaa kaunta Ijumaa, umejionea kama hiyo marufuku ilibadilisha kitu. Kwa hiyo mkifunga, kuna uwezekano mkubwa wataenda jengo la tatu kutoka lenu, au kwa gari la mteja, au kwa kichochoro ambako hakuna kaunta ya kupiga kelele mtu akikabwa.

Lakini usichukue hayo ukayafanya kisingizio, na hapa naongea na nduguyo mdogo kuliko wewe. Kuna watu wanapenda kusema "tunawasaidia, bila sisi wangekua nje" huku wakihesabu noti. Inaweza kuwa kweli na bado mtu anavuna. Babako labda alijiambia hivyo, sisi hatujui, na sidhani utapata jibu lake kwenye daftari.

Kuhusu hiyo 500 ya kakako. Wewe ni mhasibu, hebu tufanye pamoja. Mteja anakuja na elfu yake kichwani, umesema mwenyewe hajali rumu ni ngapi. Basi hiyo mia haitoki kwa mteja, inatoka kwa yule mama. Usiku wa mteja mmoja anabaki na 50 badala ya 150. Usiku wa wateja wawili anatoka 750 hadi 550, zaidi ya robo ya kipato imeenda. Kuna njia mbili za kuziba hilo pengo, aongeze wateja au akubali vitu alivyokua anakataa. Wachumi walioangalia soko hili Mexico na kuchapisha 2005 waligundua wateja wanaotaka kuacha kondomu walikua wanalipa karibu asilimia 23 zaidi, na wanawake walijua fika wanauza hatari. Huku kwetu Busia kuna utafiti uliofuata maisha ya wanawake wa kazi hii siku kwa siku kwenye shajara, ikaonekana siku mtoto au mtu wa nyumbani anaugua ndio wanakubali hatari zaidi. Sio tabia, ni bili. Sasa wewe weka mia yako juu ya hiyo bili. Na tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025, vituo vingi vilivyokua vinawapa kondomu na matibabu bure vilifungwa au vikapunguza, ndio maana amekwambia mara anapewa mara ananunua.

Hata kwa pesa tupu kakako asiwe na uhakika sana. Mko na kama vistari 48 kwa usiku. Vikishuka hadi 38 kwa sababu wamehamia jirani wa 300, mtapata 19,000, chini ya mnachopata leo. Anasema hawana pa kuenda. Amewauliza?

Na lile ombi la 800 usiku mzima, nakupongeza kwamba hukujibu haraka. Linaonekana la huruma na pengine ni hivyo kwa usiku mzuri, akipata wateja watatu anabaki na 1,750 badala ya 1,350. Wawili ni sawasawa. Lakini usiku wa mteja mmoja anarudi nyumbani na deni la 250, na asipopata yeyote ndio kabisa. Vile 400 ya kila kuingia ilivyo sasa, usiku mkavu mnaumia wote wawili, na ukiweka bei ya usiku hatari yote umemwachia yeye. Amsterdam ambako madanguro yaliruhusiwa kisheria tangu 2000, wanawake wa mtaa wa De Wallen wanakodi dirisha, yaani chumba chenye kioo cha mbele wanapoonekana na wateja, kwa zamu, na hadi wamalize kulipia dirisha kila mteja anamfanyia kazi mwenye dirisha. Uhalali haukuondoa hilo. Inawezekana yule mama anajua nights zake kuliko mimi na wewe na anataka hivyo kwa sababu nzuri, muulize wiki zake mbaya zikoje. Inawezekana pia mkakubaliana kitu cha katikati, alipie kila kuingia, akishalipa mara ya pili halipi tena usiku huo. Hiyo ni 800 bila deni. Ndugu zako watapiga kelele.

Lakini subiri, kuna sheria, na sheria haijali kama bei yako ni ya huruma. Kenya mtu kuuza mwili wake mwenyewe Sheria ya Adhabu haijaliweka wazi kama kosa, wanakamatwa sana kwa sheria ndogo za jiji za kuzurura. Wewe na mwenye jengo ndio mmeandikwa wazi. Kifungu cha 156 kinamshika anayeendesha danguro, mpangaji anayeruhusu akijua, na mwenye nyumba anayekodisha akijua, na vifungu vya 153 na 154 vinazungumzia kuishi kwa mapato hayo. Daftari la vistari, ombi la bei maalum kwa mtu unayemjua kazi yake, hiyo 40,000 isiyo na risiti, yote ni ushahidi kwamba unajua. Na hongo yenyewe ni kosa lingine kando. Kwa mhasibu, kesi kama hiyo haiishii kortini, inafuata cheti chako. Sikutishi, nasema tu kwamba ukiamua kuendelea, kwa nia nzuri namna gani, unaendelea ukiwa umesimama hapo, na nia nzuri sio utetezi. Ongea na wakili kabla ya kuongea na ndugu zako tena.

Huyo wakili atakuuliza kitu ambacho mimi pia nakuuliza, nani amewapa ninyi watatu ruhusa ya kuamua? Hamjaenda kortini. Bila barua za usimamizi wa mirathi hakuna hata mmoja wenu mwenye mamlaka juu ya mali ya marehemu, kuigusa tu ni kosa. Kwa hiyo kakako hawezi kupandisha, wewe huwezi kugeuza hosteli, na huo mkataba wa miaka sita sioni nani anausaini kwa jina la nani. Na baba akiwa hakuacha wosia, mjane ndiye anayenufaika na mali maisha yake yote kabla ya watoto kugawana. Hapo ndipo nashangaa na barua yako. Mnagombania meza ambayo mwenyewe hamjamkaribisha.

Unasema mama hajui, au anajua. Aliishi na huyo mwanaume miaka mingapi? Alikua anapika chakula kwa pesa ya Ijumaa. Mimi nimesikiliza wajane wengi na ni wachache sana ambao hawakujua, walichofanya ni kuamua hawataki kuulizwa. Inawezekana mamako ni mmoja wa wale wachache, sitaki kumuwekea maneno mdomoni, ila kumficha ili asiumie ni uamuzi mnaomfanyia kuhusu riziki yake mwenyewe. Usimpelekee daftari. Mpelekee namba, mwambie mkataba unaisha, ghorofa ya chini inafanya kazi gani, kisha nyamaza. Anaweza kukushangaza kwa upande wowote.

Hosteli. Sijakataa hosteli. Ila ikijaa ni 300,000 na kodi ni 210,000, unabaki na 90,000 ambayo haitoshi hata ile mishahara ya 95,000, kabla ya maji na kabla ya likizo ndefu wanafunzi wakiwa nyumbani. Na hujaweka gharama ya kufunga, hao watu watano wakipunguzwa kazi Sheria ya Ajira ya 2007 inawapa notisi na angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka waliofanya. Jamaa wa kaunta ako hapo tangu lini? Hosteli inawezekana tu kama mwenye jengo atashusha kodi, na yeye amezoea kodi inayolipwa na vistari hata kama hajawahi kupanda ngazi kuona. Mwambie unataka kugeuza matumizi uone atasemaje, utajifunza mengi. Mnaweza pia kuacha mkataba uishe tu Oktoba na kuondoka, mama akose 265,000 kwa mwezi, na ninyi watoto watatu wenye kazi mkae mjadiliane nani analipa dawa za presha. Hiyo ndiyo njia safi zaidi kisheria na ndiyo ambayo hakuna aliyeitaja kwenye barua nzima, hata wewe. Nafikiri ni kwa sababu inauma kila mtu.

Kujitoa na kuwaachia ndugu, sawa, unaweza, na bwanako atalala vizuri. Lakini kitu cha kwanza kitakachotokea wiki hiyo unakijua, ni 500. Na nani ataangalia vitambulisho mlangoni? Sisemi ubaki kwa sababu hiyo, mtu hawezi kukaa ndani ya nyumba inayomchoma ili azuie wengine wasiongeze moto. Nasema tu ujue unachokiacha. Bwanako naye ana haki ya kusema nini kinaingia nyumbani kwake, na umheshimu kwa hilo, ila ametoa msimamo bila kuona hesabu kama ulivyoiona wewe. Mketishe umuonyeshe ile ya 150.

Kwa zaka sina jibu na sitajifanya mchungaji. Nitakuuliza tu, wale wanaume wanaoleta hiyo elfu moja Ijumaa, Jumapili wako wapi, na kapu likipita wanaweka nini? Kama dhamiri yako inakusumbua kwenye kamati, unaweza kupumzika kwa muda bila kueleza mtu kwa nini.

Na usiwaamulie wale wanawake mambo kama hawapo. Umesema wanachangishana kila usiku na mmoja anashika. Hiyo ni chama tayari, inakosa tu mahali salama pa kuweka, maana anayeshika noti usiku River Road anashika hatari. Kule Kolkata, mtaa wa Sonagachi, wanawake wa kazi hii walianzisha ushirika wao wa akiba na mikopo 1995, unaitwa USHA, sababu kubwa ikiwa ni kukwepa wakopeshaji waliokua wanawanyonya. Walianza kwa kubishana na serikali iwasajili kwa kazi yao halisi. Wewe una ujuzi ambao hakuna mtu hapo kwa kaunta anao. Kuwafundisha jinsi ya kusajili chama, kuweka kwa simu kwa jina la kundi badala ya mfuko wa mtu, kutenga ya mtoto akiugua, haihitaji uwe na lojing'i na wala sio kosa kwa sheria yoyote ninayoijua. Unaweza kulifanya hata ukiwa umefunga. Ila wakuombe wao, usiwaendee na daftari jipya ukidhani unalipa deni la digrii, kwa sababu hilo deni sina uhakika lipo, na kama lipo sina uhakika linalipwa hivyo.

Mambo yana mpangilio wake, mwanangu. Msichana wa kofia ni leo. Mama na wakili ni wiki hii, na waambie ndugu zako rumu inabaki 400 hadi korti iseme nani anasimamia, wakikataa wawaulize mawakili wao. Mwenye jengo anasukuma kwa sababu bado hajui kama mnajua kwamba hamuwezi kusaini. Mwandikie barua fupi ya kistaarabu, mwenye mkataba amefariki, mambo ya urithi yako njiani, mnaomba kuendelea mwezi kwa mwezi hadi barua za usimamizi zitoke. Akikataa, basi amekuamulia sehemu moja na unabaki na zile zingine.

Shangazi